Maili Kumi na Tano Kutoka Langoni

Mwaka 1906 gari la kukokotwa na nyumbu lilitoka kwenye lango la chuo cha Tuskegee, jimbo la Alabama, likashika barabara ya vumbi kuelekea mashambani. Lilibeba plau, mbegu, chombo cha kusukia siagi na vifaa vingine ambavyo wakulima weusi wa pande hizo walikuwa wamevisikia tu kwa wengine. Aliyelichora ni George Washington Carver, yule mwalimu ambaye wengi tunamjua kwa habari za njugu karanga na basi. Hela zilitoka kwa Morris K. Jesup, mwenye benki wa New York, ndiyo maana likaitwa Jesup Wagon. Booker T. Washington, mkuu wa chuo, alikuwa na hoja fupi sana: mkulima asiyeweza kuja chuoni, chuo kimfuate.

Nimeanza na nyumbu kwa sababu nataka kuongea kuhusu intaneti.

Tarehe 27 Desemba 2020, wakati huku kwetu wazazi walikuwa wanahesabu siku za shule kufunguliwa tena baada ya korona, Rais Donald Trump alitia saini sheria moja ndefu ajabu ya matumizi ya serikali ya Marekani. Ndani ya maelfu ya kurasa zake kulikuwa na kipande kidogo ambacho hakikupigiwa kelele: dola milioni 285 za kufikisha intaneti ya kasi kwa jamii za wachache, milioni 268 kati ya hizo zikiwa ruzuku kwa vyuo. Si vyuo vyote. Ni vile vya kihistoria vya watu weusi, vile vya makabila ya wenyeji wa asili, na vile vyenye wanafunzi wengi wa Kilatino au wa makundi mengine madogo. Angalau asilimia 40 ilitengewa vyuo vya watu weusi. Kisha sheria ikaweka kipimo ambacho kimenikaa kichwani tangu nikisome: jamii ya chuo ni watu wa kipato cha chini wanaoishi ndani ya maili 15 kutoka chuoni.

Maili 15 ni kama kilomita 24. Chukua ramani, dunga bikari katikati ya jiji la Nairobi, zungusha. Utakamata Ngong, Kikuyu, Ruiru na Mlolongo. Sasa dunga Garissa, zungusha hivyo hivyo, uone utakamata watu wangapi.

Swali ambalo lilinisumbua ni hili: kwa nini chuo? Marekani ina makampuni ya simu makubwa kuliko bajeti ya nchi nyingi. Ina serikali ya kitaifa, majimbo, kaunti. Inakuwaje nyumba ya mama mkulima wa Mississippi isubiri chuo kilicho na paa linalovuja kiivutie waya?

Jibu ni la zamani. Mwaka 1862 Abraham Lincoln alitia saini sheria ya Morrill, iliyoyapa majimbo ardhi yauze ili yajenge vyuo vya kilimo na ufundi. Ardhi yenyewe, zaidi ya ekari milioni 10, ilikuwa imetoka mikononi mwa makabila takriban 250 ya wenyeji, kwa mikataba ya kulazimishwa au bila mkataba wowote. Vyuo vikubwa vya umma unavyovisikia leo vingi vilianzia hapo. Kusini mwa nchi, watu weusi hawakukubaliwa kwenye vyuo hivyo. Mwaka 1890 ikaja sheria ya pili ya Morrill: jimbo ama liwakubali weusi ama liwajengee chao. Majimbo ya kusini yakachagua kujenga chao, na kwa bei rahisi. Vyuo vya 1862 vilipewa ardhi, vya 1890 vikapewa pesa taslimu, nazo kidogo.

Halafu mwaka 1914 ikaja sheria ya Smith-Lever, iliyoanzisha huduma za ugani nchi nzima: maafisa wa kutoka chuoni wanaokwenda kumfundisha mkulima shambani kwake. Yaani lile wazo la gari la Tuskegee sasa limekuwa sera ya taifa. Lakini pesa zilipelekwa kwa chuo ambacho bunge la jimbo lingekichagua. Mabunge ya kusini ya wakati huo, usiniulize yalichagua chuo kipi. Waliobuni kazi wakaachwa waendelee nayo kwa makombo. Pale Tuskegee, gari la nyumbu lilipochakaa na zamani zake kwisha, likaja lori. Na mwaka 1923 wakulima weusi wenyewe walichanga pesa likanunuliwa lori jingine, kubwa zaidi, lililobeba hata muuguzi. Sisi tungeliita harambee.

Umeme ulifuata njia hiyo hiyo. Katikati ya miaka ya 1930, karibu nyumba 9 kati ya 10 za mijini Marekani zilikuwa na umeme, na mashambani ilikuwa shamba moja kati ya 10. Makampuni yalikuwa na sababu ileile unayoisikia leo: nyumba ziko mbalimbali, nguzo ni ghali, faida hakuna. Mwaka 1935 Rais Roosevelt akaunda shirika la umeme vijijini, na wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika, wakilipa dola 5 za uanachama, wakajivutia nyaya wenyewe kwa mikopo ya serikali. Ni moja ya kazi nzuri zaidi nchi ile imewahi kufanya, nakubali. Ila ramani ya nani alifikiwa mapema na nani alingoja ilifuata rangi na kabila. Kwa Wanavajo bado kuna maelfu ya nyumba zisizo na umeme hadi leo, na hatuongelei karne iliyopita.

Intaneti nayo ilizaliwa chuoni. Hii tunaijua: Oktoba 1969, kompyuta ya chuo kikuu cha UCLA ikajaribu kutuma neno kwa kompyuta nyingine kaskazini mwa California, ikafikisha herufi mbili ikazima. Mtandao ukasambaa kwa vyuo vyenye maabara kubwa na mikataba ya wizara ya ulinzi. Vyuo vya 1890 havikuwa na maabara za namna hiyo, na sasa unajua sababu. Mimi naona watu wakiongea kuhusu pengo la kidijitali kana kwamba ni mvua, imenyesha hapa ikakosa kunyesha pale. Hapana. Ukifuata pesa za 1862, 1890 na 1914 utaliona linachimbwa jembe kwa jembe.

Mtu aliyefanya serikali ya Marekani ilihesabu pengo hilo ni Larry Irving, Mmarekani mweusi aliyekuwa msimamizi wa mawasiliano wizara ya biashara enzi ya Bill Clinton. Mwaka 1995 ofisi yake ilitoa ripoti ya kwanza iliyoonyesha nani ana simu, nani ana kompyuta, nani ana modemu, kwa kabila, kipato na makazi. Vijijini na katikati ya miji, maskini weusi na wenyeji wa asili walikuwa mkiani. Mwaka uliofuata sheria mpya ya mawasiliano ikapatia shule na maktaba punguzo la bei ya intaneti. Vyuo havikuingizwa kwenye punguzo hilo.

Aprili 2000 Clinton alikwenda Shiprock, New Mexico, ndani ya nchi ya Wanavajo, kuhubiri habari za pengo hilo. Huko alisimulia kuhusu msichana wa miaka 13 aliyeshinda kompyuta kwenye mashindano, akashindwa kuiunganisha na intaneti kwa sababu nyumbani kwao hapakuwa na laini ya simu. Hadithi hiyo ilizunguka dunia. Nikiisoma huwa nafikiria zile laptopu ambazo shule zetu ziliahidiwa mwaka 2013. Chombo ni rahisi kukikabidhi mbele ya kamera. Waya ni kazi ya kuchimba.

Hapa kwa Wanavajo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo niliyaelewa haya mambo vizuri.

Nchi yao imetandaa katika majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah, kilomita za mraba kama 71,000. Ni karibu sawasawa na Kaunti ya Marsabit. Mwaka 1968, baada ya miongo ya watoto kupelekwa shule za bweni za serikali ambako walikatazwa kusema lugha yao, Wanavajo walifungua chuo chao. Kilikuwa cha kwanza Marekani nzima kuendeshwa na kabila lenyewe. Leo kinaitwa Diné College, na Diné ndilo jina wanalojiita. Makabila mengine yakafuata. Mwaka 1994 serikali ikavitambua vyuo hivyo kuwa vya aina moja na vile vya 1862 na 1890. Fikiria ucheshi wake: miaka 132 baada ya ardhi ya wenyeji kuuzwa ili wengine wajengewe vyuo, wao wenyewe wakakaribishwa kwenye mpango.

Chuo kingine cha Wanavajo, kilicho Crownpoint, New Mexico, kilianzisha mradi uliopewa jina la kupeleka intaneti hadi kwenye hogan, nyumba ya asili ya Mnavajo, ile ya mviringo yenye mlango unaotazama mashariki. Mpango ulikuwa chuo kipokee intaneti yenye kasi kubwa, kisha kiirushe kwa mawimbi kutoka mnara hadi mnara, ifike kwenye shule, zahanati na vituo vya mikutano, ambavyo kila eneo la Wanavajo linacho. Kutoka hapo, nyumbani. Wataalamu huita mkondo mkubwa unaofika mjini maili ya kati, na kipande cha kutoka hapo hadi mlangoni kwako maili ya mwisho. Maili ya mwisho ndiyo inayoua kila mpango. Kampuni inaangalia: bonde zima, nyumba nne, na bili yao ya mwezi haitalipa hata nguzo. Chuo kinaangalia bonde hilo hilo kinaona wanafunzi wawili na nyanya anayehitaji daktari.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwangu ndilo kubwa. Nyumba nyingi za Wanavajo hazina anwani ya barabara. Unaelekezwa: pita kisima, ukiona tairi jeupe kata kushoto. Sisi tuliolelewa kwa "shuka stage ya pili, uliza kwa mama mboga" tunaelewa kabisa. Ila fomu za mpango wa serikali zinadai anwani. Na ramani za serikali ya Marekani za nani ana intaneti, hadi mwaka 2022, zilitengenezwa kwa hesabu ya ajabu: ikiwa kampuni inaweza kufikia nyumba moja tu ndani ya eneo la sensa, eneo zima linaandikwa kuwa limeunganishwa. Kijijini eneo moja la sensa linaweza kuwa kubwa kama lokesheni nzima. Hivyo watu waliishi gizani huku karatasi zikisema wana mwanga, na kwa kuwa karatasi zilisema hivyo, hawakustahili msaada.

Masafa ya redio nayo yana kisa chake. Mwaka 1963 Marekani ilitenga masafa ya gigahezi 2.5 kwa ajili ya elimu, ili vyuo na shule zirushe masomo kwa televisheni. Baadaye ikagundulika masafa hayo ni mazuri sana kwa intaneti isiyo na waya. Vyuo vilivyokuwa na leseni vikaanza kuyakodisha kwa makampuni ya simu. Leseni mpya zikasimamishwa mwaka 1995, kwa hiyo ambao hawakuwa wamepata, na vijijini kwa wenyeji hao ndio walikuwa wengi, mlango ukafungwa. Masafa yakapita juu ya vichwa vyao kwa miaka 25, hayatumiwi na mtu. Mwaka 2020 tume ya mawasiliano ikafungua dirisha maalumu, kuanzia Februari, makabila ya vijijini yaombe kabla masafa hayajapigwa mnada. Maombi yalipita 400. Na korona ilipoingia, Aprili mwaka huo Wanavajo wakapewa ruhusa ya muda kuyatumia mara moja. Kufikia Mei walikuwa na maambukizi mengi kwa idadi ya watu kuliko New York, katika nchi ambayo karibu theluthi moja ya nyumba haina maji ya bomba. Unaambiwa nawa mikono, unaambiwa soma mtandaoni. Wanafunzi walikaa ndani ya magari nje ya majengo yenye wifi, wakiandika insha kwa simu.

Picha hizo za magari kwenye maegesho ya vyuo na maktaba, kwa Wanavajo na kwenye miji midogo ya weusi kule kusini, zilionekana mwaka uleule ambao zile dola milioni 268 zilipita bungeni.

Sasa niseme langu. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo iligoma, si hadithi ndefu. Kitu nilichokipoteza kwanza kabla ya kitanda cha hosteli ni wifi. Akaunti ilizimwa kabla sijakusanya vitu vyangu. Pamoja nayo yakaenda majarida, maktaba ya mtandaoni, kila kitu nilichokuwa natumia kuandika. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nakaa kwenye benchi la kinyozi aliye ng'ambo ya ukuta wa chuo, nikinunua bando la saa moja, na simu yangu ikiniambia jina la mtandao wa chuo liko hapo, mistari mitatu ya nguvu, weka nywila. Vyuo vyetu hapa vina mtandao wao wa pamoja, KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, kabla hata nyaya za chini ya bahari hazijafika Mombasa mwaka 2009. Ni kazi ya maana sana, na ningependa watu wengi zaidi wajue historia yake. Lakini ni mtandao wa walio ndani. Ndiyo maana nilipokutana na kile kipimo cha maili 15 nilisimama. Hapo kuna sheria inayosema chuo kisiishie ukutani.

Halafu nikakumbuka kwamba wazo hilo liliwahi kufika Kenya, na halikufika mikono mitupu.

Mwaka 1907 bibi mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa shule za weusi vijijini. Mwalimu wa kwanza kuajiriwa kwa pesa hizo alikuwa Virginia Randolph, binti wa watu waliozaliwa utumwani, aliyefundisha kaunti ya Henrico, Virginia. Kazi yake kuanzia 1908 ilikuwa kuzunguka shule ndogo za kaunti yake, akiwasaidia walimu, akipanda miti, akikusanya wazazi. Walimu wa Jeanes wakaenea kusini nzima. Ni mtandao, ukitaka kuuita hivyo, uliotengenezwa kwa miguu ya wanawake.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka New York ilizuru Afrika Mashariki kutazama elimu ya Waafrika. Iliongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, chuo cha weusi kule Virginia, na ndani yake alikuwepo James Aggrey wa Gold Coast. Mwaka uliofuata, kwa pesa za wakfu wa Carnegie, Jeanes School ikafunguliwa Kabete. Walimu walikuja na wake zao, wakafundishwa kilimo, usafi na malezi, wakarudishwa vijijini kuzungukia shule. Mwaka 1961 mahali hapo pakawa Kenya Institute of Administration, na leo ni Kenya School of Government. Umepita Lower Kabete mara ngapi bila kujua kwamba unapita kwenye tawi la Alabama na Virginia?

Lakini tazama tofauti. Kule Tuskegee gari lilitoka kwenye chuo kinachoongozwa na watu weusi kwenda kwa watu weusi. Hapa Kabete, serikali ya kikoloni ilichukua umbo la gari likaacha usukani. Elimu ya "kumfaa Mwafrika", ndivyo walivyosema, maana yake jembe na sabuni, na uanasheria usiuguse. Hata Marekani, W. E. B. Du Bois alimshambulia Jones hadharani kwa mawazo hayo.

Na kuna kijana wa Kiambu aliyelijua umbo hilo kutoka ndani. Mbiyu Koinange alikwenda Hampton mwaka 1927, akaendelea hadi chuo kikuu cha Columbia, akarudi nyumbani 1938. Mwaka uliofuata akafungua chuo cha walimu Githunguri, kilichojengwa kwa michango, marika yakishindana nani atatoa zaidi. Chuo cha serikali kiko Kabete, chuo cha wananchi kiko Githunguri, na vyote viwili vina damu ya Hampton. Mwaka 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, kilichofungwa si kile cha Kabete.

Kwa hiyo ninapoona neno "ushirikiano na jamii" kwenye karatasi za mradi wa intaneti, wa Marekani au wa hapa, kitu cha kwanza ninachotafuta ni nani ameshika usukani. Sheria ya 2020 ilijaribu kulijibu kwa kiasi: chuo kingeweza kuomba pamoja na biashara za watu wa makundi hayo au mashirika ya jamii, na angalau asilimia 20 ya ruzuku iende moja kwa moja kwa wanafunzi, kwa vifaa na gharama za intaneti. Pesa zingine zilifundisha watu wa mtaani kuwasaidia majirani, kumwonyesha mzee jinsi ya kujaza fomu ya matibabu, jambo ambalo kwetu hufanywa bure na kijana wa saiba akiwa na haraka. Na Kenya haijalala kabisa. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilianza kutoa leseni kwa mitandao ya kijamii, na vijana wa TunapandaNET pale Kibera walikuwa wameshaanza kuunganisha shule na vituo vya vijana kwa antena za juu ya mabati. Hao hawakuwa na chuo kikuu nyuma yao.

Marekani, baada ya 2020, ilifungua mfuko kwelikweli. Sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 za kuvuta intaneti kwa wasiofikiwa, bilioni 2.75 za usawa wa kidijitali, na bilioni 14.2 za kusaidia kulipa bili. Huo wa bili ndio uliogusa watu: dola 30 kwa mwezi kwa familia ya kipato cha chini, dola 75 kwa wanaoishi kwenye ardhi za makabila. Familia zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Pesa zikaisha, bunge likakataa kuongeza, na kufikia Juni 2024 punguzo likafa. Waya uko mlangoni, mwanga unawaka kwenye kisanduku, na bili imerudi kuwa ileile. Asiyeweza kulipa anarudi kwenye gari, kwenye maegesho.

Tarehe 8 Mei 2025 Trump, sasa akiwa rais kwa mara ya pili, alitangaza kwamba mpango wa usawa wa kidijitali ni wa kibaguzi na unakiuka katiba, na akaufuta. Yule yule ambaye saini yake iko chini ya sheria ya maili 15. Neno lililotumika mwaka 1890 kuwatenga watu wale sasa linatumika dhidi ya pesa za kurekebisha kutengwa huko. Mashujaa wa kamusi hawakosi kazi.

Kuna hesabu moja sijaiweka. Septemba 2023 mawaziri wawili wa Marekani, wa elimu na wa kilimo, waliwaandikia magavana 16 barua. Walikuwa wamelinganisha pesa ambazo majimbo yalivipa vyuo vya 1862 na vya 1890, kwa kila mwanafunzi, kuanzia 1987 hadi 2020. Si enzi ya nyumbu, ni enzi ya mama yako. Vyuo vya weusi katika majimbo hayo vilipunjwa zaidi ya dola bilioni 12. Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya zile milioni 268. Ni majimbo mawili tu, Delaware na Ohio, yaliyokutwa yanatoa sawa. Lililodaiwa kuliko yote ni Tennessee: dola bilioni 2.1 kwa chuo kikuu cha Tennessee State, kilichoko Nashville.

Machi 2024, miezi sita baada ya barua hiyo, bunge la Tennessee lilipiga kura kuhusu chuo hicho. Kura ilikuwa ya kuivunja bodi yake.